Umechaguliwa kamati ya shule? Pita hapa kabla hujasaini karatasi yoyote

#1 Mjumbe Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Kamati za shule zinaendelea kupangwa upya sehemu mbalimbali na najua mambo yanavyokwenda. Jua limewaka, wazazi wamechoka, mwalimu mkuu anauliza "nani mwingine?", mtu aliyekaa nyuma anataja jina lako, makofi, imekwisha. Hujaulizwa kama una muda, na wala hujaambiwa kazi yenyewe ni ipi. Wiki inayofuata anakuja mtoto nyumbani na karatasi: "Mwalimu mkuu anasema usaini hapa."

Mimi nimekaa kamati ya shule ya msingi kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa nikiwa mwenyekiti. Mkoa ni Morogoro, shule sitaitaja. Naandika nilichokiona mezani, maana yale ya kwenye makaratasi ya semina kila mtu anayo.

Kamati ya shule siyo kikundi cha hisani. Ipo kwa Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 na marekebisho yake. Shule ya msingi ina kamati, sekondari ina bodi. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati. Narudia: katibu. Anaandaa kikao, anaandika muhtasari, anatekeleza. Mwenyekiti anatoka kwenu nyie mliochaguliwa. Nimeona kamati nyingi ambazo katibu ndiye anayefungua kikao, anatoa hoja, anaijibu mwenyewe, kisha anamwomba mwenyekiti afunge kwa sala.

Nguvu halisi ilikuja na MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) mwaka 2002, ada ya shule ya msingi ilipofutwa na fedha za ujenzi na ruzuku zikaanza kushuka hadi shuleni. Tangu Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 wa elimu bila malipo, ruzuku ikawa inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambapo Sh 6,000 inafika shuleni na Sh 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu ya shule yako. Wanafunzi 600 mara 6,000 ni Sh 3,600,000 kwa mwaka, yaani kama laki tatu kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha ofisi, mpira wa watoto, vyote humo humo. Ni hela ndogo, na ndiyo maana ikipotea laki moja inaonekana darasani siku hiyo hiyo.

Sasa ninachotaka mshike, hata kama hamtasoma mengine: mamlaka ya kamati yamo kwenye muhtasari. Hela ya shule haitakiwi kutoka bila muhtasari wa kikao kilichoipitisha. Kwa hiyo anayetaka kuchezea hela hana haja ya kugombana na kamati. Anatafuta saini zenu tu.

Na saini zinapatikana hivi. Mnafika kikaoni, inazungushwa karatasi ya mahudhurio. Ina namba, jina, cheo, saini. Juu haina kitu: haina jina la kikao, haina tarehe, haina ajenda. Mnasaini wote, mnakunywa soda, mnaondoka. Karatasi hiyo inaweza kubanwa nyuma ya muhtasari wowote wa mwezi wowote, hata wa kikao ambacho hakikukaa, ikaonekana wajumbe kumi na kitu walikubali kununua madawati ambayo hakuna aliyeyaona.

Kwa hiyo: usisaini mahudhurio yasiyo na kichwa. Andika tarehe kwa mkono wako pembeni ya saini. Kikao kinachofuata kianze kwa kusoma muhtasari uliopita kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na kiasi cha fedha kitajwe kwa tarakimu na kwa maneno. Mwenyekiti asaini kila ukurasa, asisaini wa mwisho peke yake. Hili halihitaji shahada. Wajumbe wetu kadhaa walikuwa hawajui kusoma vizuri, lakini kwa kusikiliza tu walikuwa wakali kuliko waliosoma: "Hapana, tulisema laki mbili na nusu."

Kuhusu mafunzo. Chuo chenye kazi hiyo kipo, ADEM kule Bagamoyo, ambacho zamani kiliitwa MANTEP. Kinafundisha uongozi na usimamizi wa elimu, na kamati za shule ni sehemu ya wanaofundishwa, hasa mradi unapokuwa na fungu. Tatizo langu na mafunzo tuliyopata sisi ni kwamba yalikuja kipindi chetu kikiwa kimefika katikati, wakaitwa mwenyekiti na mwalimu mkuu tu, na tulichofundishwa ni orodha: "Majukumu ya kamati ya shule ni kama ifuatavyo." Tukaandika, tukapewa nauli, tukarudi. Hakuna aliyetuwekea mbele kitabu cha fedha cha shule yoyote akasema, haya, tafuteni kosa humu.

Naweka kituo hapa. Karibuni mchangie, hasa walimu, najua mna ya kwenu.

#2 Kobe wa Pwani

Nimeweka mkeka hapa nasubiri walimu wakuu waje kujitetea 😂

#3 Mwalimu wa Zamani

Nimekuja, Kobe. Nimestaafu lakini nilikuwa mwalimu mkuu.

Mjumbe Mstaafu, la karatasi ya mahudhurio ni kweli na sitalipinga. Ila tuseme pande zote. Mnaitwa kikao saa nne, mnafika saa saba, akidi haijatimia, na halmashauri inataka muhtasari kabla ya saa tisa la sivyo mnasubiri mwezi ujao. Mwalimu mkuu afanyeje? Wengi walioanza kukusanya saini za akiba hawakuanza kwa wizi. Walianza kwa sababu wajumbe hawaji. Baadaye, mazoea yakishakuwepo, ndipo mwizi anapopata mlango.

Na kingine. Tangu Julai 2016 mwalimu mkuu analipwa posho ya madaraka Sh 200,000 kwa mwezi. Mjumbe wa kamati halipwi kitu. Anaacha shamba msimu wa palizi kuja kujadili tundu la choo. Mimi nilikuwa nawapangia vikao alasiri siku ya gulio, kwa sababu siku hiyo tayari wameshafika senta. Mahudhurio yalipanda bila posho hata ya senti tano. Mwalimu mkuu anayepanga kikao asubuhi wakati wa kupanda mahindi ajue anachokitafuta.

#4 Mama Wawili

Naomba kuuliza jamani, kamati inaweza kumfukuza mwalimu? Kwetu kuna mwalimu wa darasa la pili haonekani kabisa, na wazazi wanasema kamati imelala.

#5 Mwalimu wa Zamani

Haiwezi, dada. Mwajiri wa mwalimu ni Mkurugenzi wa Halmashauri, na mambo ya nidhamu yako Tume ya Utumishi wa Walimu. Kamati inachoweza ni kuuliza na kuandika. Kila asubuhi walimu wanasaini daftari la mahudhurio. Ombeni taarifa ya mahudhurio ya walimu iwe ajenda ya kudumu, iingie kwenye muhtasari, na muhtasari ufike kwa Afisa Elimu Kata. Mwalimu mtoro hamwogopi mzazi anayepiga kelele getini. Anaogopa jina lake likiwa kwenye muhtasari mara tatu mfululizo.

Na msiende darasani kumfokea mbele ya watoto. Hilo nalo nimeliona.

#6 Fundi Nondo

Mimi naongelea ujenzi maana ndiyo kazi yangu.

Mwisho wa 2021 zilipokuja zile fedha za UVIKO, madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa milioni 20, kazi ikafanywa kwa fosi akaunti. Maana yake hakuna mkandarasi mkubwa. Shule inanunua vifaa, inatafuta fundi, jamii inasimamia. Inaundwa kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Nilipiga kazi kwenye shule kadhaa kipindi kile, na huwezi kuamini tofauti ya shule na shule kwa milioni ishirini zile zile.

Kamati ya mapokezi ndiyo inayookoa jengo au kuliua. Gari linakuja jioni, giza linaingia, dereva ana haraka, mjumbe anaambiwa "saini hapa mzee, mifuko mia moja". Hahesabu. Asubuhi stoo ina tisini na mbili. Sasa nani kaiba? Aliyesaini.

Vitu vya kuangalia, na havihitaji shule:

Nondo. Mkataba ukisema milimita 12, usipokee ya 10 kwa sababu "zimeisha dukani". Kwa macho zinafanana zikiwa kwenye fungu. Chomoa moja, pima. Bati nalo, geji 28 na geji 30 ni vitu viwili tofauti, na namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Watu wengi wanadhani 30 ni bora kwa sababu ni kubwa! Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe, usisome risiti peke yake.

Mfuko wa saruji ukiingia uandikwe kwenye leja ya stoo, ukitoka uandikwe umetoka kwa kazi gani na nani kauchukua. Na ufunguo wa stoo asikae nao fundi. Nasema hivyo na mimi mwenyewe ni fundi.

#7 Kobe wa Pwani

Fundi leo umejichoma mwenyewe 😂😂 Ila umesema ukweli.

#8 Jirani wa Namanga

Salamu kutoka Kenya. Nimefuata uzi huu kwa sababu mimi ni mwanachama wa bodi ya shule ya upili huku kwetu.

Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeandika bodi mtu kwa mtu: sita wa wazazi, mmoja wa Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja wa walimu, watatu wa mfadhili wa shule (mara nyingi ni kanisa au msikiti), mmoja wa makundi maalum katika jamii na mmoja wa watu wenye mahitaji maalum. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi anaingia pia kwa wadhifa wake. Mwalimu mkuu ni katibu, kama kwenu. Tofauti kubwa ni kwamba bodi ya huku inaajiri wafanyakazi wasio walimu, na shule ikipungukiwa na walimu wa TSC (tume inayoajiri walimu wa serikali), bodi inaajiri wake kwa pesa za shule. Kwa hivyo vita vya bodi huku mara nyingi ni vita vya ajira: mpishi ni shemeji ya nani, bawabu ametoka ukoo gani.

Mafunzo yapo kupitia KEMI, taasisi ya kufunza wasimamizi wa elimu. Nilijifunza mambo ya bajeti na ununuzi. Lakini jambo ambalo ningetaka kila mwanachama wa bodi ya shule ya bweni ajue ni usalama wa mabweni. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 ukasema wazi: mlango wa bweni ufunguke kwenda nje, usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, dirisha lisiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda iwe angalau mita 1.2.

Mimi huenda na futi ya fundi cherehani mfukoni. Mwalimu mkuu hapendi. Tukiongezewa wanafunzi, vitanda husogezwa, na ile mita moja na kidogo huwa ndiyo ya kwanza kuliwa. Ripoti ya mwalimu mkuu haitakuonyesha hilo, lazima uingie bwenini.

#9 Mjumbe Mstaafu

Jirani, asante sana. Hili la kuingia kwa futi nimelipenda. Huku mabweni ya msingi ni machache, lakini sekondari za kata zenye hosteli zimejaa, na bodi nyingi zinaishia ofisi ya mkuu wa shule kwenye sofa.

#10 Binti wa Ruvuma

Mimi niko bodi ya sekondari. Sisi hatuchaguliwi kwenye mkutano wa wazazi, tunateuliwa, kwa hiyo ni rahisi bodi kujaa watu wazito wasio na mtoto hata mmoja pale shuleni. Mstaafu fulani, mfanyabiashara fulani, mchungaji. Watu wazuri, ila choo cha wasichana hawajawahi kukiona.

Nataka kugusa eneo ambalo mafunzo hupita haraka: nidhamu na ulinzi wa mtoto.

Viboko kwanza. Kanuni za 2002 ziko wazi: visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama hayupo, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mimi binafsi natamani viondoke kabisa, lakini hata kwa sheria hii iliyopo, ombeni hicho kitabu. Ukikuta hakina hata mstari mmoja mwaka mzima na fimbo ziko kila ofisi, umeshapata ajenda.

Pili, mimba. Marekebisho ya sheria ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa. Na mjumbe wa bodi ndiye wa kwanza kufuatwa usiku: "Wewe ni mtu wetu, tusaidie haya mambo tuyamalize kifamilia, ng'ombe wameshatolewa." Nimefuatwa hivyo. Jibu ni moja, kesi inakwenda polisi na ustawi wa jamii, na mjumbe hakai kwenye kikao cha kupatanisha. Ukikaa, umekuwa sehemu yake.

Tatu, huyo binti. Tangu Novemba 2021 serikali ilisema waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, warudi, na ukatolewa Waraka Na. 2 wa mwaka huo. Bado kuna wajumbe wanaodhani kazi ya bodi ni kumfuta kwenye rejesta ili "asiambukize wengine". Kumfukuza mwanafunzi ni jambo linalopita kwenye bodi. Kwa hiyo bodi isiyojua waraka inaweza kumharibia mtu maisha kwa dakika kumi, halafu wakahamia kwenye mengineyo.

#11 Mama Wawili

Binti wa Ruvuma, Mungu akubariki. Sisi wazazi hata hatukujua kuna kitabu cha viboko.

#12 Mchuuzi Mdogo

Mbona hamsemi michango? Elimu bila malipo lakini kila mwezi mtoto anarudi na kikaratasi. Mlinzi, uji, maji, mitihani ya Jumamosi. Na ukiuliza unaambiwa "kamati imepitisha". Kamati gani imepitisha mfuko wangu?

#13 Mjumbe Mstaafu

Mchuuzi, una haki ya kukasirika. Ngoja nieleze nilivyoielewa mimi.

Ruzuku ya Sh 6,000 kwa mtoto kwa mwaka haiwezi kulipa mlinzi na kupika uji, hilo kila mtu analijua. Kwa hiyo shule inabaki na njia mbili, kukaa bila uji au kuwaendea wazazi. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango, na tangu hapo michango imebaki kuwa jambo la hiari lenye utaratibu na vibali kutoka juu. Mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu mzazi hajatoa. Kwenye hilo sina mjadala, na kamati inayokubali mtoto arudishwe nyumbani kwa debe la mahindi imekosea, hata kama nia ni njema.

Kamati haina mamlaka ya kukupangia mchango ikiwa imejifungia ofisini. Ya chakula yanaamuliwa kwenye mkutano wa wazazi, na kamati inasimamia utekelezaji. Kwetu tulikubaliana mahindi na maharage kwa kilo badala ya fedha, kila mzazi baada ya mavuno, na wazazi wenyewe wakachagua watu wa kupima na kutunza ghala. Wasiokuwa na kitu walileta kuni au walichota maji. Hatukupata asilimia mia. Kuna waliokataa na watoto wao wakala kama wengine, na hiyo ilizua maneno mpaka leo.

Na ubao wa matangazo. Mapato na matumizi yabandikwe nje ambapo mzazi anayapita, siyo ndani ya ofisi nyuma ya mlango. Ruzuku iliyoingia, tarehe, ilivyotumika, kilichobaki. Karatasi ikinyeshewa ibandikwe nyingine. Tulipoanza kubandika, maswali ya mkutanoni yalibadilika. Badala ya "mmekula" tukaanza kuulizwa "kwa nini karatasi za mitihani zimepanda bei?", na hilo ni swali unaloweza kulijibu.

#14 Mtu wa Vitabu

Naongeza kidogo upande wa mifumo, mimi nafanya kazi za uhasibu.

Mwaka 2017 ulianzishwa FFARS, mfumo wa taarifa za fedha wa shule, zahanati na vituo vya afya. Wajumbe wengi wakisikia "iko kwenye mfumo" wananyamaza, kama vile kompyuta imeshamaliza kikao. Mfumo unaonyesha kilichoingizwa na mtu. Ombeni taarifa ya robo mwaka ichapishwe, muweke pembeni yake taarifa ya benki, risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) na leja ya stoo. Vitu vinne hivyo visomane. Risiti ya rimu 20, leja imeandika rimu 20 zimeingia, nenda kaangalie zilipo au zilipotumika. Kama mna mwanakikundi wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, kwenye kamati, mpeni hiyo kazi. Kina mama wa VICOBA wanasoma leja kuliko madiwani.

Na kama halmashauri ina mkaguzi wa ndani mwenye moyo, mwalikeni kikao kimoja awafundishe kwa vitabu vyenu wenyewe. Nimeshawahi kwenda shule kwa mwaliko wa namna hiyo. Asubuhi moja ilitosha, na watu waliuliza maswali ambayo kwenye semina za hotelini hayaulizwi, kwa sababu hela ilikuwa yao.

#15 Mwalimu wa Zamani

Hapo ndipo pa kuanzia kwa kweli. Na mwalimu mkuu asiogope. Mimi nilipata hoja ya ukaguzi kipindi fulani, na kilichonisaidia ni kamati iliyokuwa inajua matumizi yote na kuyaeleza yenyewe. Kamati isiyojua kitu haiwezi kukutetea hata ukiwa msafi.

Pia ombeni ripoti ya Wathibiti Ubora wa Shule, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi. Wakija huacha mapendekezo, mara nyingi yanaishia kwenye faili la mwalimu mkuu. Yasomwe kikaoni, yaingie kwenye Mpango wa Jumla wa Maendeleo ya Shule. Ni hapo kamati inapozungumzia watoto kusoma na kuandika badala ya saruji tu.

#16 Mgeni Kamati

Wakuu nimesoma wote. Mimi ndiye yule aliyetajwa jina na mtu wa nyuma 😅 Nimechaguliwa mwezi huu. Nilimwomba mwalimu mkuu kitabu cha fedha nikaambiwa "hicho ni cha ofisi, subiri semina". Semina haijulikani lini. Naanzia wapi bila kuonekana nimekuja kutafuta mtu?

#17 Mjumbe Mstaafu

Usianze na kitabu cha fedha. Anza na faili la mihtasari ya miaka miwili iliyopita, hilo hata yeye hatakuwa na sababu ya kulificha, nyie ndio wenye vikao. Kasome na mjumbe mwenzako, siyo peke yako. Andika pembeni kila kiasi kilichopitishwa. Kikao kijacho, kwenye yatokanayo, uliza kwa heshima kila kimoja kimefikia wapi. Kitabu cha fedha kitakuja chenyewe mezani kwa sababu majibu yamo humo.

#18 Mwalimu wa Zamani

Na akikataa hata mihtasari, msibishane naye. Kamati iandike barua fupi, isainiwe na mwenyekiti, iende kwa Afisa Elimu Kata, nakala kwa Mtendaji wa Kata. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe isomeke. Halafu rudi hapa utuambie umejibiwa nini.